Kufuta machapisho ya zamani yenye namba ya simu

Swali: Habari wakuu. Machapisho ya Facebook ya 2012 yana namba ya simu na mtaa ninaoishi. Nikifunga akaunti yataondoka?

Jibu 1: Mkuu, kusitisha akaunti kunaficha tu. Kuifuta kabisa kuna siku 30 za kughairi, na data zenyewe huweza kuchukua hadi siku 90 kuondoka. Usikimbilie huko. Pakua kwanza nakala ya taarifa zako, kisha ingia kumbukumbu ya shughuli (orodha ya uliyofanya Facebook), chuja kwa mwaka, chagua machapisho, yapeleke kwenye pipa la taka. Wengi huishia hapo, kumbe yanakaa humo siku 30. Fungua pipa, futa tena.

Jibu 2: Pitia na maoni uliyoacha kwenye kurasa za wengine. Namba ikionekana bado Google, nakili anwani kamili ya ukurasa, jaza fomu ya kuomba taarifa binafsi ziondolewe. Google huitoa kwenye utafutaji tu. Ukurasa wenyewe unabaki, hivyo mwandikie pia mwenye tovuti.

Jibu 3: Akikataa, na tovuti ni ya Tanzania, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022. Ambatisha picha ya skrini yenye tarehe.