Shamba la eka 40 Minnesota: fungu la mtu aliyeko Pemba linatangazwa wapi?

mkarafuu_wete: Assalaam aleikum ndugu zanguni. Kaka yangu yuko Minnesota, ana grini kadi, yaani mkaazi wa kudumu. Anataka kununua shamba la mahindi eka 40, dola 200,000, kwa jina la kampuni ya familia: yeye asilimia 70, mie 30. Mie niko Wete, pasi ya Tanzania. Nasikia mgeni lazima ajitangaze. Wapi, na kwa fomu gani?

bikirembwe77: Waaleikum salaam. Fomu baadaye, tazama kwanza hiyo 30. Minnesota haitaki tangazo tu, inakataza. Kampuni ikimiliki shamba, si chini ya asilimia 80 iwe mikononi mwa raia au wakaazi wa kudumu wa Marekani. Nyie mna 70. (Tusiwashangae, huku kwetu nako mgeni hukodi tu.) Jengine: kampuni ya familia kule lazima iwe na jamaa mmoja anayeishi shambani au anayeliendesha. Kaka kama yuko mjini na lori lake, hapo pana kizuizi.

mkarafuu_wete: Nikishuka hadi 15?

bikirembwe77: Kwa hesabu ya 80, jimbo litaridhika. Serikali kuu bado. Kwa AFIDA, sheria ya 1978 inayomtaka mgeni atangaze shamba analomiliki Marekani, kampuni ya Marekani huhesabiwa ya kigeni pale mgeni mmoja anaposhika asilimia 10 au zaidi. Hapo mnajaza fomu FSA-153 na kuipeleka ofisi ya FSA (wakala wa mashamba wa wizara ya kilimo ya Marekani) katika kaunti lilipo shamba, ndani ya siku 90 tangu kulipata. Msimsubiri wakili wa mauziano, kazi hiyo ni ya mnunuzi. Mipaka na eka nakilini neno kwa neno kutoka kwenye hati, anwani ya barabara haitoshi. Kuchelewa ni asilimia 0.1 ya thamani kwa wiki, na siku mbili za wiki mpya huhesabiwa wiki nzima. Kwenu ni dola 200 kila wiki. Kuficha au kudanganya, faini hufika asilimia 25: dola 50,000.

chamanangwe: Na msijigawe 6 yako, 6 ya dada yako, mkadhani mmepona. Wageni walioshikana kwa jambo moja hujumlishwa. Hiyo 12.

mkarafuu_wete: Nikimkopesha tu je?

bikirembwe77: Mimi ningekwenda huko. Rehani ya deni haihesabiwi umiliki: AFIDA haiulizi, Minnesota inaruhusu. Kaka anunue kwa jina lake, deni liandikwe, rehani isajiliwe kaunti. Riba si sharti. Akishindwa kulipa, shamba likaangukia kwako, Minnesota inakupa miaka mitatu uwe umeshaliuza, na siku 90 za FSA-153 zinaanza kuhesabiwa kwako.

chamanangwe: Akibadili jimbo, aanze upya. Oklahoma, kwa mfano, karani wa kaunti hapokei hati bila kiapo cha mnunuzi.