Mrejesho: Kibali cha king'ora cha nyumbani, Mtwara

Ndugu zangu, niliuliza kama nyumba yangu ya Shangani inahitaji kibali cha king'ora, kwa kuwa mdogo wangu aishiye Dallas, Marekani, anatakiwa na mji wake kuwa nacho. Nimekwenda ofisi ya mtaa, ambako mtendaji alisema hajawahi kumdai mwenye nyumba kibali cha namna hiyo, ila akanikumbusha kanuni za kelele za mwaka 2015 na kunishauri niwaarifu majirani. Ushauri huo niliupuuza, nakiri. Juzi usiku, nikiwa Masasi, paka alipita mbele ya kihisi na king'ora kikalia mpaka jirani, mzee wa watu, akanipigia simu. Sasa nimekirekebisha kinyamaze baada ya dakika tatu, na ufunguo wa akiba anao yeye.