Pasta kasema mgombea aulizwe mambo mawili tu, je wazee wanaouawa?

mtu_wa_gongoni: Bwana asifiwe wapendwa. Pasta wetu hapa Malindi ametuambia 2027 mgombea akija kanisani tumuulize kutoa mimba na ndoa za jinsia moja basi, hayo mengine eti ni siasa. Nikauliza kwenye kikundi cha maombi, na hawa wazee wetu wanaokatwa mapanga huko vijijini wakiitwa wachawi kumbe mtu anataka shamba? Watu kimyaa, halafu mama mmoja akaniambia nimeanza kupoa kiroho. Jamani kumtetea mwenye mvi ndo kupoa?

mama_neema: Ndugu yangu pasta hajakosea. Uhai kwanza. Mtoto wa tumboni hana kura wala wa kumsemea, mzee angalau atakimbilia Kaya Godoma, kile kituo cha kuwahifadhi wazee kule Ganze. 2010 tulipiga kelele juu ya kifungu cha 26 cha haki ya uhai tukaonekana washamba, katiba ikapita, na pale panaporuhusu mimba itolewe kwa ajili ya afya ya mama pako wazi hadi leo. Ukianza kuongeza mashamba, viwanda vya chumvi, barabara, utampa mtu kura kwa ajili ya lami.

kaka_maweni: Mama Neema nakuheshimu lakini mzee wa miaka themanini akimbie kwa miguu ipi? Na hiyo orodha fupi hakushuka nayo Musa mlimani, hata Marekani wainjilisti wamegombania hiyo hiyo. 1971 Wabaptisti wa Kusini wenyewe walipitisha azimio la kukubali mimba itolewe kwa hali kama kubakwa, 1973 wengine wakakaa Chicago wakatoa tamko la kutubu ubaguzi wa rangi na kuwasahau maskini, halafu 1979 ndo mhubiri Jerry Falwell akaja na Moral Majority yake, kundi la kuwavuta Wakristo kwenye siasa, mimba na familia vikapanda juu. 2007 viongozi wainjilisti kina James Dobson wakaandika barua kumlalamikia Richard Cizik wa umoja wa kitaifa wa wainjilisti eti anaongea sana joto la dunia anawatoa watu kwenye mambo makubwa. Kwa hiyo bro si wewe wa kwanza kuambiwa umepoa.

shamba_mpeketoni: Huku Lamu tuliozika watu waliouawa kwenye mashambulizi ya 2014 swali la kwanza ni usalama, pasta apende asipende. Na Shakahola je, kule waumini walikofunga hadi kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao? Miili zaidi ya 400 imefukuliwa, serikali kusema tu itunge sheria ya makanisa mapasta wakawa wa kwanza kupinga. Hiyo haikuwa siasa?

mama_neema: Sijasema mzee auawe jamani msinilishe maneno! Aliyemuua sheria ipo, akamatwe. Hakuna mgombea anayepanda jukwaani kusema wazee wakatwe, wa kulegeza mambo ya mimba wapo. Ndo maana hilo linaulizwa na lile haliulizwi.

mtu_wa_gongoni: Hapo mama umenibana kidogo, kweli hakuna anayesema wauawe. Lakini nitajie mmoja wa huku kwetu aliyesimama mazishini akasema wasiuawe. Harambee ya kanisa atatoa, ukimtajia hati za mashamba anaangalia saa. Jumapili nauliza tena, pasta akiwepo.

kaka_maweni: Ukitolewa kwaya usije kulia hapa 😂