London hadi Sydney ni saa ngapi hasa? Naomba ushauri wa haraka

Mwanzisha uzi: Wakuu, salamu. Tarehe 14 Machi naondoka London saa 3 usiku kwenda Sydney kupitia Singapore. Ramani inaonyesha kilomita 17,000 hivi. Nimegawa kwa 900, nikapata saa 19. Nitawahi harusi ya saa 1 usiku tarehe 15?

Kipimo: 900 ni mwendo wa ndege ikishatulia angani. Kila kipande kiongezee kama nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka. London–Singapore ni kama kilomita 10,900, takriban saa 13, maana njia fupi ilipita juu ya Ukraine na anga hiyo imefungwa tangu 2022. Singapore–Sydney ni 6,300, karibu saa 8. Kisha saa zenyewe: mwezi Machi kabla London haijasogeza saa, Sydney iko mbele kwa saa 11. Unatua tarehe 16.

Dirishani: Harusi utakuta wanaosha vyombo 😂

Upepo: Kurudi ndiko kugumu, upepo wa juu unavuma kutoka magharibi. Mngemwambia kuhusu safari ya Perth, Australia, hadi London, kilomita 14,500 bila kutua, iliyoanza 2018.

Kipimo: Hajauliza kurudi. Mkuu, Singapore unangoja muda gani?

Mwanzisha uzi: Dakika 70. Ila ni tiketi mbili tofauti. Ya kwanza nimelipa, ya pili nimeshikilia nafasi tu. Niliokoa hela nyingi, msinishambulie.

Mzee wa Kaunta: Rahisi ghali. Tiketi zikiwa mbali mbali, begi huenda lisipitishwe moja kwa moja: unapita uhamiaji, na kadi ya kuingia Singapore uwe umeijaza mtandaoni, unangoja begi, unalikabidhi upya. Kaunta nyingi zinafungwa dakika 60 kabla ya kuondoka. Una dakika 10. Ukiachwa, kampuni ya pili haina deni nawe.

Mwanzisha uzi: Basi nikijumlisha zile 19 na 11, natua saa 9 usiku. Si mbaya.

Shaka: Uzi wa kubuni huu. Saa 9 usiku Sydney ndege za abiria hazitui, uwanja una marufuku ya saa 5 usiku hadi 12 asubuhi. Na mwenye tiketi anapigaje mahesabu wakati saa ya kufika imeandikwa?

Mwanzisha uzi: Nimesema ya pili sijalipa!

Kipimo: Kwa hiyo usiilipe. Sogeza ya kwanza iwe tarehe 13, unafika Singapore tarehe 14 kama saa 12 jioni. Chukua ya kuendelea ya saa 5 usiku, unatua Sydney tarehe 15 kama saa 4 asubuhi.

Mwanzisha uzi: Kubadili tarehe wananitoza. Nikibeba begi la mkononi tu, dakika 70 hazitoshi?

Mzee wa Kaunta: Zinaweza kutosha, kama ya kwanza haikuchelewa na pasi ya kupandia unayo tayari kwenye simu. Utatua tarehe 16.