Naomba ushauri: kubadili prosesa na kuongeza RAM kwenye seva

Habari zenu wakuu. Nina Dell PowerEdge R720 yenye prosesa moja tu, Xeon E5-2620 ya kori 6, na RAM ya GB 32. Ilipokuwa ya kutunzia mafaili tu haikunisumbua, lakini sasa inaendesha mashine pepe tano (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva hiyohiyo) na ikifika saa za kazi inajikongoja mpaka aibu.

Juzi nilichomeka vijiti vinne vya GB 16 kwenye sloti za B. Seva ikawaka, RAM ikabaki GB 32 ileile. Nilitoa, nikapuliza vumbi, nikarudisha, wapi! Kumbe sloti zote 12 za B ziko chini ya prosesa ya pili, na hapo mimi nina tundu tupu lenye kifuniko cha plastiki. Nimecheka peke yangu.

Sasa nafikiria kuweka E5-2690 v2 mbili, kori 10 kila moja. Najua lazima nisasishe BIOS (programu ya msingi inayoiwasha seva) kwanza, wakati prosesa ya zamani bado imo. Kinachonitia wasiwasi ni joto: hizi ni wati 130, ya sasa ni 95, na pawasaplai yangu ni ya wati 495. Itahimili, au niende kwenye 750? Na hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ya zamani naweza kuitumia tena?

Aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mkono wake anisaidie. Au niongeze RAM tu kwanza, prosesa zisubiri?