Tupeane uzoefu: Kikosi cha timu ya taifa kimetangazwa, jina ulilolisubiri halimo

Kinyozi wa Tandika

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye kibanda changu cha kunyoa kuna siku mbili ambazo mashine inazimwa hata kama mteja ana nusu kichwa: siku ya dabi ya Simba na Yanga, na siku kocha anasoma kikosi cha Taifa Stars. Ya dabi naielewa. Hii ya pili ndiyo imenifanya nifungue uzi, maana watu wazima wananuna wiki nzima kwa mechi ambayo hata haijachezwa.

Nianze mimi. Agosti 2018, Emmanuel Amunike ndiyo kwanza amekabidhiwa timu, tunajiandaa kwenda Kampala kwenye mechi ya kufuzu AFCON 2019, Kombe la Mataifa ya Afrika. Wachezaji kadhaa, wengi wa Simba, wakachelewa kuripoti kambini. Mnaijeria hakutaka maelezo, akawatema: Bocco, Kapombe, Mkude, Erasto Nyoni na wenzao. Mimi ni Simba damu. Muda habari inaingia nilikuwa namnyoa jamaa wa Yanga, anacheka mpaka kichwa kinatikisika, anasahau kwamba Fei Toto wao naye yumo kwenye panga lilelile. Nikamgusa na wembe juu ya sikio. Haikuwa makusudi, ingawa mpaka leo haamini.

Kampala tukatoka 0-0. Matusi niliyokuwa nimeyaandaa nikayameza.

Sasa njoo Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa. Tunatakiwa tuifunge Uganda na huko kwingine Lesotho wasishinde. Msuva kafunga moja, tumepata penati, naangalia nani anaenda kuuchukua mpira: Erasto Nyoni. Yule yule wa Agosti. Akaweka. Aggrey Morris akamalizia ya tatu na Lesotho wakatoka sare. Jamaa wa sikio alikuwa amesimama pembeni yangu na tulikumbatiana kama ndugu.

Leteni ya kwenu. Asiye na stori asome tu, ila mambo ya usajili peleka uzi mwingine.

Mzee wa Betri

Vijana, mnazungumzia miaka saba nyuma kama historia. Mimi mwaka 1980 nilikuwa darasa la sita, Urambo.

Mwaka uliotangulia Stars walikuwa wamekwenda Ndola wakiwa na bao moja la nyumbani, Zambia wakatangulia, Peter Tino akasawazisha, tukafuzu. Ile mechi tuliisikiliza kwa redio ambayo betri zake zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Wa umri wangu wanajua, betri ikichoka unaianika kama dagaa.

Siku majina ya kwenda AFCON ya 1980 kule Lagos, Nigeria, yalipotajwa redioni, kaka yangu alisimama na chaki akayaandika ukutani, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa. Pondamali, Mtagwa, Tenga, Mkambi, Thuwein. Kila jina linalotajwa, mama anauliza, "Bado?" Kwa sababu binamu yetu alikuwa anachezea timu ya mkoa, na ukoo mzima ulikuwa umeaminishwa kwamba safari hii hakosi. Taarifa ikaisha. Kaka hakugeuka. Akachukua chaki, akaandika jina la binamu chini kabisa kwa herufi kubwa kuliko zote.

Lagos tulifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Binamu alikuja kututembelea miezi kadhaa baadaye. Akasimama mbele ya ule ukuta, akasoma kuanzia juu mpaka chini, akafika kwake. Akacheka, akaomba maji ya kunywa. Hakulifuta. Jina lilikaa pale mpaka masika yalipoumenya ule ukuta.

Kurudi AFCON tulisubiri miaka 39. Kaka hakuifikia.

Shabiki Mwongo

Shikamoo mzee. Nimesoma hiyo ya ukuta mara mbili. Halafu kuna watu humu wanasema mpira ni wa kubetia.

Jezi za Majengo

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni kuchapa majina kwenye jezi. Nina mashine ya pasi, mkasi na karatasi ya herufi, basi.

2019 Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya Kenya, tulikuwa tumefuzu AFCON baada ya miaka 15, mara ya mwisho ilikuwa 2004. Wallahi sikulala. Orodha ya kocha Migne ikiguswa hivi na mimi naguswa mfukoni. Kwanza kulikuwa na kelele za Jesse Were, straika anafunga kila siku kule Zesco, Zambia, na kocha hakumwita. Wateja wawili walikuja kuchapa WERE kwa hasira tu, mtu hata kikosini hayumo. Pesa ni pesa.

Lakini linaloniuma ni la beki wetu Brian Mandela. Kuna kijana wa bodaboda, beki wa kati wa timu ya stejini, alikuwa akijiita Mandela hata kabla ya hapo. Akaleta jezi, nikamchapia jina, akaniachia nusu ya pesa, nyingine ataleta Ijumaa. Timu ilikuwa kambini Ufaransa, Marcoussis. Kabla ya Ijumaa habari ikaja: Mandela ameumia goti mazoezini, AFCON hayupo. Hebu fikiria, umeshavuka mchujo, kilichobaki ni siku za kambi tu, goti linakukataa.

Yule kijana alipokuja nikamwambia nitakubandulia nikuwekee Olunga, straika wetu, bei ileile. Akauliza ikibanduliwa inakuwaje. Nikamwambia ukweli wa kazi: herufi zinatoka, lakini gundi inabaki na kivuli cha jina hakifichiki, ukisimama juani watu watasoma majina mawili. Akafikiria. Akasema, "Basi wacha aende hivyo hivyo." Akavaa Mandela mechi zote tatu.

Ya tarehe 27 Juni sitaitaja. Mna wageni wa Tanzania humu.

Kinyozi wa Tandika

Umeitaja. 3-2, tumeongoza mara mbili, Olunga akatupiga mawili na Omolo moja. Asante sana jirani.

Kocha Vumbi

Mimi nafundisha watoto mchangani, Morogoro. Hii yangu haina kicheko.

Mnakumbuka Serengeti Boys, vijana wetu wa chini ya miaka 17, walivyokwenda AFCON ya vijana Gabon 2017? Uwanjani tulikuwa tumeshatolewa na Congo-Brazzaville. Tukarudi kwa sababu wenzetu waliondolewa baada ya kutompeleka mchezaji wao mmoja kwenye kipimo cha umri. Nilishangilia kile kipimo kama goli. Niliwafundisha hata wazazi kinavyofanya kazi: mtoto analazwa kwenye mashine ya MRI, wanapiga picha ya mkono pale juu ya kiganja. Ncha ya mfupa ina gegedu ambalo bado linakua, kwenye picha linaonekana kama mstari. Mtu akikomaa mstari unapotea, mfupa unakuwa mmoja. FIFA wanakitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 tangu 2009. Nikasema hapo hakuna ujanja, cheti cha kuzaliwa unaweza kununua, mfupa hununui.

Miaka michache baadaye winga wangu mmoja, mguu wa kushoto, mtoto wa mama muuza vitumbua, akaitwa kwenye kambi ya timu moja ya vijana. Mtaa ukachangishana viatu. Siku ya tisa akapiga simu usiku: "Kocha, mkono wangu umekataa."

Nilikwenda na mama yake. Kabeba kadi ya kliniki kwenye nailoni, ina mihuri ya chanjo zote, uzito wa kila mwezi umechorwa kwa kalamu, na doa la chai. Mimi huyu mtoto nimemjua akiwa na kaptula ya chekechea. Daktari alituheshimu, alitueleza taratibu kabisa. Akasema wapo wachache, wachache kweli, ambao mfupa unaunga mapema kabla ya umri, na mashine haiwezi kumtenganisha mtoto wa namna hiyo na mtu aliyedanganya. Kanuni inasema ukionekana umeunga, hupangwi. Mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu ni mwongo?" Daktari akasema hapana mama, hakuna aliyesema hivyo.

Mtaani walisema. Mpaka leo wakimwona wanamwita Babu. Anaendesha bajaji, Jumamosi anakuja mazoezini, krosi zake bado zinatua kichwani mwa mtu.

Kipimo bado nakikubali, bila hicho tungekuwa tunapeleka baba za watu. Ila siku hizi sikishangilii.

Mwana Bukavu

Kocha, pole sana. Pole na kwa mama.

Siye huku Bukavu ugomvi wetu ni mwingine: wa Ulaya na wa nyumbani. Kila kocha wetu Desabre akitoa liste, yaani orodha ya kikosi, nyumba inagawanyika. Shemeji yangu ni mtu wa TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, mpaka kwenye damu. Kwa CAN, ndiyo hiyo AFCON yenu, ya Côte d'Ivoire, ile ya Januari 2024, alitaka kipa wa Mazembe asimame golini. Akamwona Lionel Mpasi, anachezea Rodez, divizioni ya pili ya Ufaransa. Shemeji akaapa. Akasema Kongo nzima watu milioni na milioni, tunaenda kuokota kipa kwenye timu ambayo hata Wafaransa hawaijui. Mechi zote za makundi alikaa na mgongo kwa televisheni, anasikiliza tu.

Ikaja Misri, San-Pédro. 1-1, penalti. Wanapiga, wanapiga, mpaka zamu ya makipa. Gabaski wa Misri akapiga mwamba. Anatoka nani? Mpasi. Shemeji sasa amegeuka, kiti kimeanguka. Mpasi akatia ndani, 8-7, tumepita.

Hakusema neno. Alitoka nje, akawasha pikipiki, akaenda kuzunguka mji na watu wengine wote, filimbi mpaka usiku. Tulifika nusu fainali mwaka ule. Mnakumbuka vijana walivyofunika midomo kwenye wimbo wa taifa, vidole kichwani kama bunduki, kupinga ukimya juu ya vita vya mashariki ya Kongo. Kwa sisi watu wa huku mashariki, ile picha hatuiongelei kwa haraka.

Leo liste ikitoka, shemeji ndiye wa kwanza kupiga: "Mpasi yumo?"

Mchambuzi wa Kijiweni

Mnaongelea majina, mimi naongelea siku. AFCON ya Morocco ilianza Desemba 21, 2025. FIFA wakasema vilabu vinaweza kukaa na wachezaji mpaka Desemba 15. Sasa mtu anacheza Ulaya Jumapili, Jumatatu anaachiwa, anasafiri, unamfundisha lini? Halafu mkifungwa mnasema kocha hana mbinu. Nimemaliza.

Mama wa Jikoni

Mimi mpira siujui sana, naomba mnivumilie. Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja hapa Dar, na mwaka mmoja ikaja timu ya taifa ya nje kuweka kambi kabla ya mashindano makubwa. Nchi siitaji.

Chakula chao kilikuja na karatasi, tukaibandika kwenye mlango wa friji. Kuku wa kuchemsha bila ngozi, wali mweupe, tambi, viazi, ndizi mbivu, mtindi. Pilipili hapana. Vya kukaanga hapana. Chapati hapana, imepigiwa mstari. Daktari wao anapita kabla ya kila mlo, anafunua sufuria, ananusa. Nilimchukia siku mbili za kwanza, baadaye nikamzoea.

Kulikuwa na kijana mmoja, mrefu, ana Kiswahili cha kuokoteza, kila asubuhi anakuja dirishani kwangu ninapokaangia wafanyakazi chapati. Anavuta harufu ya chapati, anafumba macho, anaondoka na ndizi yake. Tulikuwa tunacheka naye.

Sahani za wachezaji zilikuwa 30. Usiku mmoja, wao wameshakula na kupanda vyumbani, meneja wa timu akaja mlangoni na kikaratasi: "Kuanzia kesho mchana, wachezaji 23." Akaondoka. Nikabaki nimeshika kile kikaratasi, nikahesabu kwa vidole, saba. Jikoni tulijua kabla yao. Msaidizi wangu akaniuliza ni nani na nani, nikamwambia sisi tunahesabu sahani, majina hatupewi.

Alfajiri saa kumi na moja nasukuma unga wa wafanyakazi, nikasikia magurudumu ya begi kwenye korido. Akasimama palepale dirishani. Tracksuit ya timu hakuvaa, kavaa shati lake la kawaida. Gari la uwanja wa ndege lilikuwa nje linaunguruma.

"Mama," akasema, "leo chapati ruhusa?"

Nikamkaangia mbili, akala amesimama.