Mrejesho: DWG iliyofunguka bila kuta

Wakuu, asanteni. Ile ramani ya DWG (faili la mchoro la AutoCAD) niliyowaomba ushauri, niliyotuma kwa imeili, ikafunguka kwa mhandisi bila kuta na maandishi yakiwa alama za kuuliza, sasa inasomeka.

Aliyetaja eTransmit, amri ya AutoCAD ya kukusanya mchoro na faili zake zote, alipatia. Kuta zilikuwa kwenye xref, faili la pembeni ambalo sikuliambatanisha; eTransmit imelifunga ndani ya zip moja pamoja na fonti za SHX (za maandishi ya AutoCAD) na CTB (faili la mipangilio ya uchapishaji). Kabla yake nilipiga AUDIT (kurekebisha makosa ya faili) na PURGE (kufuta visivyotumika): MB 41 zikashuka hadi 9, Gmail haikugoma tena (mwisho wake MB 25). Nilihifadhi kwa toleo la 2013, maana programu ya mhandisi haisomi la 2018.

Kilichogoma ni kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) za Civil 3D, programu ya uhandisi iliyojengwa juu ya AutoCAD: zilibaki maboksi matupu. Amri ya -EXPORTTOAUTOCAD imezigeuza mistari ya kawaida; zinaonekana, ila hazihaririki kama zamani.